Senge Anapeleleza Vyuo

Mwaka ambao mke wangu alifariki, vyuo viwili vya ng'ambo vilimkubali binti yetu kwenda kufanya utafiti wa usalama wa kompyuta. Mimi ni mwashi hapa Malaba, niliishia darasa la saba. Alinieleza kwamba kuna wezi wanaoingia kwenye kompyuta bila kuvunja mlango, naye anataka kujua wanapitia wapi. Jirani alipouliza, nilisema anaenda kusomea ulinzi.

"Masomo yote hayo, awe soja wa geti?"

Chuo kimoja kilikuwa na jina kubwa. Cha pili hata walimu wa Amagoro hawakuwahi kukisikia. Siku za kujibu zilikuwa zinaisha, na binti yangu haamui wala hali chakula vizuri. Mambo kama hayo alikuwa akiyazungumza na mama yake. Mimi nilikaa naye tu.

Ndipo dada yangu akaja kutoka Namboboto kututazama. Shangazi kwetu ni senge, na ndiye hutumwa kupeleleza boma kabla msichana hajaolewa.

"Umeuliza nani habari za huko?"

"Maprofesa wenyewe, senge."

"Wee! Mwenye boma atakuambia boma lake ni baya? Uliza wale wameolewa hapo."

"Lakini mimi siolewi."

"Utakaa miaka mingapi na mzee mmoja akikuambia fanya hivi, fanya vile? Hiyo ni nini sasa?"

Binti yangu akacheka. Kicheko kile ni cha mama yake, na sikuwa nimekisikia tangu mazishi.

Akaomba vyuo namba za wanafunzi, tukaenda posta ya Busia akawapigia. Nilisimama nje ya kibanda cha simu. Wa chuo chenye jina, alivyonieleza baadaye, alimwambia profesa wake ni maarufu, kwa hivyo yuko safarini kila mara. Wa chuo cha pili alilalamikia baridi, akalalamikia chakula, akasema profesa husoma kila wanachoandika na kukikosoa bila huruma. Lakini alipofiwa na baba yake, profesa huyo alimwambia aende nyumbani, kazi itamngoja.

"Baba, naenda kwa huyu," alisema akitoka.

Desemba, tulipofanya ukumbusho wa mama yake, alikuwa amerudi kutoka ng'ambo, ameketi mkekani na senge wakichambua mchele.

"Mzee wako wa huko hakukunyima ruhusa?"

"Alinipa, na kazi ya kufanya nikiwa huku."

"Huyo ni mkwe. Mpelekee kuku."

Kuku tulimla sisi wenyewe.