Wifi Eufrasia Afunga Mdomo Ngitilini

Kaka yangu Makoye alipomleta Eufrasia nyumbani kuwa mke wake, sisi dada zake tulijipanga mlangoni tumkague. Hatukupata nafasi. Tulimsikia kabla hajafika, anacheka njia nzima kutoka barabarani, na mbwa wetu, ambao hawakuwahi kumwogopa mtu, waliingia chini ya ghala. Mama akasema huyu atatufaa shambani.

Na kweli alitufaa. Huku kwetu upande wa Kahama mpunga ukianza kuiva ndege hushuka makundi kwa makundi, na usipokwenda kuamia utavuna majani matupu. Watu hupanda juu ya dungu, kile kichanja cha miti, na teo na makopo ya kugonga. Eufrasia hakuhitaji kopo. Alisimama juu ya dungu, mkono mmoja kiunoni, akaachia "Huuuwiiii!" na kundi zima likageuka angani kwenda kula kwa majirani. Majirani wakaanza kuja kumwomba awasaidie na wao. Ndivyo alivyoishi. Makoye alikimbilia maduarani, kwenye mashimo ya wachimbaji, kutafuta dhahabu, sasa amepanga chumba huko mjini, Kalangalala, na mtoto wao Enock akamfuata baba yake. Wifi akabaki na dungu lake, na kwaya ya parokia anayoiongoza kila Jumapili. Mimi humtania kwamba mume alikimbia kelele, si umaskini. Hucheka mpaka anakaa chini.

Mwaka jana akaja Rhoda. Binti mtafiti kutoka chuo kikuu, mpole, kofia kubwa kichwani na darubini shingoni, anatoa shikamoo hata kwa waliomzidi miezi. Alitaka kuijua ngitili yetu, ile mbuga ya ukoo tunayoifunga wakati wa mvua ili ng'ombe wapate majani kiangazi. Hasa aliwatafuta wale kasuku wadogo wa kijani wenye uso mwekundu. Alituambia kwao asilia ni huku huku kwetu, kwingine hakuna sana, na kwamba wanapungua kwa sababu watu huwanasa wakawauze, na miti yenye matundu ya kuzalia inaishia kwenye matanuri ya mkaa. Swali lake lilikuwa moja: je, wanazaa ndani ya ngitili, au wanapita tu? Wakionekana wanazaa, atakuwa na neno la kuzitetea ngitili zote za namna hii. Na kwa kuwa asingeweza kukaa nasi daima, alitaka kumfundisha mwanakijiji mmoja kuwaangalia.

Kwenye mkutano wa kijiji, mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wa Eufrasia. Mwenyekiti alijifunika uso kwa kofia. Watu walicheka mpaka mtoto mmoja akaanza kulia.

"Mama Enock, hii ni kazi ya kukaa kimya," Rhoda akasema.

"Nitakaa."

Wakaanza upya kucheka. Kila mtu alijua kazi ni ya Pantaleo, fundi baiskeli, mtu ambaye hata ukimkanyaga anakuangalia tu. Lakini Rhoda ni mtu wa haki. Akasema Mama Enock aliomba kwanza, basi ajaribiwe kwanza. Akishindwa, aitwe Pantaleo.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimpikia Rhoda chai na viazi, kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Asubuhi ya kwanza tulikaa nyuma ya kichaka, mbele yetu mgunga mkavu wenye tundu. Kasuku wakatua, kikundi kizuri. Eufrasia akasimama. Mkono ukaenda kiunoni. "Huuuwiiii!" Wallahi hakukusudia, mdomo ulifunguka wenyewe. Ndege wa ngitili nzima walihama wilaya, na kofia ya Rhoda ikaanguka.

Wifi akajiziba mdomo kwa khanga. Tangu aolewe sikuwahi kumwona akilengwa na machozi. "Nipe kesho, mwanangu," akasema. "Kesho tu." Rhoda akakubali, akamwambia wazi kwamba hiyo ndiyo ya mwisho.

Usiku nilimuuliza anataka nini huko, ana kuku, ana kwaya, ana shamba. Nikamwambia labda anaitaka darubini aone Makoye anafanya nini Kalangalala. Hakucheka. Alimaliza ugali wake, akaanza kutafuta chupa.

Kesho yake alikuja na chupa ya maji. Alijaza mdomo hadi mashavu yakavimba, akakaa, akatuonyesha mdomo kwa kidole: sasa nipige kelele tuone. Rhoda akageukia upande wa pili, mabega yanamtikisika. Mimi niliuma khanga yangu.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka alipotokea mzee Bujiku, anayesimamia sheria za ngitili, anakagua mipaka na fimbo yake. Kwetu mzee hapitwi bila salamu. Asiyeitikia si mkorofi, ni mgonjwa.

"Mwangaluka, mayu!"

Eufrasia akapiga magoti, mashavu yamejaa.

"Nimesema mwangaluka, mke wa Makoye!"

Wifi akatoa macho. Yule mzee amesalimiwa na mwanamke huyu kutoka ng'ambo ya bonde miaka yote, leo yuko hatua chache na hasikii kitu. Akayatazama yale mashavu. Akanigeukia mimi, na mimi nina khanga mdomoni, machozi yananitoka kwa kicheko, natikisa kichwa nisiweze kusema. Mzee akaelewa anavyojua yeye. Aliondoka kwa mbio ambazo sikujua bado anazo.

Punde tukasikia mwano kijijini, ule ukelele wa kuita watu kwenye hatari. Walikuja wote, mzee Bujiku mbele. Sungusungu na fimbo zao, wanakwaya wameshaanza kulia, Pantaleo anasukuma pikipiki ya kumpeleka mgonjwa hospitali. "Eufrasia hasemi! Wamemfunga ulimi!" Na wakati huo huo kasuku wawili walikuwa wametua kwenye tawi, karibu kabisa na tundu. Rhoda alifumba macho. Nami nilijua yamekwisha, kazi ya Pantaleo hiyo.

Eufrasia akasimama, mishipa ya shingo imemtoka. Sauti moja tu ingewatuliza wote wajue ni mzima. Badala yake aliinua mikono yote miwili, kama anavyofanya kanisani kumalizia wimbo, akaishusha polepole. Wanakwaya wakanyamaza kwa mazoea, wengine kwa woga. Akaonyesha chini, wakakaa. Akaonyesha tundu.

Kijiji kizima kilikaa kwenye majani bila kukohoa. Kasuku mmoja akasogea, akachungulia, akaingia. Ndani ya ule mti zikasikika sauti ndogo nyingi, za makinda wenye njaa wanaogombania chakula.

"Wanazaa," Rhoda akanong'ona, huku anaandika. "Wanazaa humu."

Wifi akacheka, na maji yote yakamwishia mzee Bujiku kifuani. "Mwangaluka, baba," akasema kwa sauti ndogo kuliko zote nilizowahi kuzisikia kwake. Basi hapo mngetuona! Watu wazima wanagaagaa kwenye majani, wanazibana midomo wao kwa wao, wanacheka bila sauti. Mzee mwenyewe alikuwa ameishika fimbo kwa meno.

Tulipotoka nje ya ngitili, Rhoda akavua darubini shingoni, akamvisha yeye. "Kazi ni yako, Mama Enock. Ila niambie, kwa nini uliitaka namna hii?"

Wifi akaishika darubini kwa mikono miwili. Nami utani wangu nilikuwa nao tayari mdomoni.

"Mwanangu," akasema, "ndege wote niliowaona maishani mwangu, nimewaona wakiondoka. Nilitaka nimwone hata mmoja akirudi nyumbani."

Utani wangu nikaumeza. Nikatoa simu, nikampigia kaka yangu Makoye huko Kalangalala, na kwa sauti ambayo sikujua ninayo nikamwambia apande basi.