Jina la Kaka Fide kwenye label ya kangaga

Hadi naandika hapa akili inagoma. Kaka Fide, Alhamisi iliyopita tumekuzika kijijini kwenu Kisawasawa, na leo asubuhi nimepiga namba yako nikuulize presi ya kukaushia mimea umeiweka wapi.

Kwa ambao hamkumjua: Fidelis alikuwa mtu wetu wa field. Tukipanda Udzungwa kukusanya mimea, yeye ndiye aliyetangulia na panga, na yeye ndiye aliyeyaona makangaga ya kivulini (fern) ambayo sisi wenye vyeti tulishayakanyaga.

Presha ilimwangusha jioni nyumbani kwake Mlabani, kesho yake hatunaye. Hivyo tu, jamani.

Msibani nimeshindwa hata kulia vizuri kwa sababu nina la kuungama, na naungama hapa hapa. Kaka Fide aliniomba kitu kimoja tu: jina lake liandikwe kwenye label ya mmea, kile kikaratasi kinachobandikwa pembeni ya mmea uliokaushwa. Sikumfanyia.

Siku yangu ya kwanza msituni alinituma nikakusanye makangaga ya jenasi Asplenium. Mimi binti wa Malinyi, mtoto wa mpunga, nikageuza majani nikakuta chini yana mistari ya kahawia. Kwetu jani likiwa hivyo ni ugonjwa. Nikayatupa yote, nikamletea yale safi ya kijani.

Weee! Alicheka mpaka akakaa kwenye tope.

"Mdogo wangu, umetupa mchele umeniletea pumba!"

Ndipo akanifundisha. Kangaga halina ua wala mbegu. Ile mistari ndiyo uzazi wake wenyewe, vumbi tupu, na bila hiyo hakuna mtaalamu wa kukutajia jina la mmea kwa uhakika.

Akanipa lenzi yake, ile aliyoifunga kwa kamba ya kiatu. Kila mstari ulikuwa na kingozi chembamba kilichoshikwa upande mmoja, kama kope. "Wengine wana vidoti vya duara," akasema. "Huyu wetu anachora mistari, na inafuata mishipa ya jani. Ukiona hivyo usiulize mtu."

Tukibishana, anachimbua shina la chini na kutafuta magamba meusi. Kwenye lenzi yana vidirisha vidirisha, kama wavu wa perege. Ubishi unaisha hapo.

Aliishia darasa la saba. Wanafunzi wa PhD walikuwa wanamfuata na madaftari.

Kuna aina moja aliipenda kuliko zote. Ncha ya jani lake inaota kijimche, kisha jani linainama mpaka kijimche kishike ardhi. "Huyu mama hamwachii mtoto mpaka aote mizizi," alisema, akaruka pembeni asimkanyage. Na ile miguu yake mikubwa, Mungu wangu!

Kwao Kisawasawa watu walisema ni mganga. Mtu mzima kila mara anashuka mlimani na majani, wamfikirie nini? Mama yake alichoka kueleza.

Basi masika ya mwaka jana akaja mezani kwangu, amelowa chapachapa, mimi nachapa label.

"Hivi mdogo wangu, jina langu huwa linakaa wapi hapa?"

Nikamwonyesha. Jina la bosi, halafu "na wenzake".

"Kumbe mimi ndiye wenzake," akasema. Alicheka, lakini si kile kicheko chake nilichokizoea.

"Niwekee hata kwenye moja tu. Nimpelekee mama, aone mwanae hafanyi uganga."

Nikamwambia nitamwuliza bosi. Ukweli ni kwamba niliogopa. Mkataba wangu ulikuwa unakaribia kuisha na sikutaka nionekane mjuaji.

Kila akiuliza, jibu langu lilikuwa moja: "Bado kaka, bosi yuko busy." Uongo mtupu! Mlango sikuwahi hata kuugonga.

Baadaye akaacha kuuliza. Hakuninunia. Akaendelea kunibebea begi langu mlimani, na kunicheka nikiteleza.

Juzi nikaugonga ule mlango, macho yamevimba. Nikasema yote.

Bosi akavua miwani. "Fidelis ndiye aliyeyaona yale makangaga, mimi nilikuwa nyuma nahema. Jina lake liandike mwanzoni, kabla ya langu. Mbona hukuniambia mapema?"

Haikufika hata dakika mbili. Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi nina wajukuu ukoo mzima.

Jana nikachukua bodaboda mpaka Kisawasawa, nakala ya label nimeiweka ndani ya daftari isikunjike. Nikampa mama yake shikamoo, nikapiga magoti, nikamsomea polepole kwa sababu macho yake hayaoni vizuri. Asplenium. Msitu wa Udzungwa, juu ya jiwe lenye unyevu, kando ya kijito. Mkusanyaji, na majina ya mwanae yote matatu.

Wifi Agata, mjane wake, alikuwa jikoni. Akaacha kukoroga ugali, akaja kusimama mlangoni.

Mama aliishika ile karatasi kwa muda mrefu. Akaniomba nirudie kusoma, pale penye jina tu. Nikarudia.

"Asante, mwanangu," akasema. "Ila hii angeniletea mwenyewe."



Kaka Fide, nisamehe. Nilikuwa na mwaka mzima, na ule mlango ulikuwa hatua kumi kutoka kwenye kiti changu. Lala, kaka yangu, lala salama. Mdogo wako nimechelewa.