Sketi ya Rangi Mbili

Hivi msomaji, umewahi kuona sketi ikishinda kesi? Mimi nimeona juzi hapa Bariadi, live!

Nilikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi, naomba kufundisha bure, maana degree yangu haijapata kazi nyingine. Akaingia mama mmoja wa kijijini, kamshika binti yake mkono. Binti kafukuzwa kwenye mtihani wa mock, eti sketi ina rangi mbili. Kweli, juu imepauka, chini kuna ukanda wa bluu iliyokoza. Si unajua tunavyoshona huku? Pindo refu, mtoto akikua unalishusha.

"Mayu, hii siyo sare," mwalimu akamwambia mama kwa heshima ya Kisukuma.

Mama akapiga goti, akamsalimia vizuri, halafu akashika lile pindo.

"Mwalimu, hii bluu ya chini ndiyo mliyoniagiza. Ya juu imeliwa na jua la paredi yenu. Sasa nani kaiharibu?"

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. "Kimbia darasani, mwanangu!"

Binti akatoka mbio, nami nikapiga makofi kama niko uwanjani!

Sipingi sare, please. Ililetwa ili mtoto wa mchunga ng'ombe na wa mkurugenzi wafanane. Mbona anayebaki nje ya mtihani ni yule yule wa mchunga ng'ombe?

Wakubwa wa elimu, waraka mnaujua sana. Toeni mmoja wa mstari mmoja: hakuna mtoto kutolewa kwenye mtihani kwa sababu ya sare. Na iwe wiki hii, siyo next financial year!