Ampli Nne za Gracien Mwilambwe

Gracien Mwilambwe alikuwa fundi umeme wa mashine za kusaga mawe ya shaba, miaka thelathini na mmoja, katika kiwanda kimoja cha Likasi. Alipostaafu alibaki na nyumba ya matofali, mke wake Martine, na bafle mbili, zile spika kubwa za sanduku la mbao alizonunua ujanani. Jumapili baada ya misa alikaa mbele yake akisikiliza rumba, na wakati huo hakuongea na mtu.

Mwaka jana ampli yake, mashine ya kukuza sauti, iliungua. Akaipeleka sokoni kwa Bertin, fundi wa redio. Bertin aliifungua, akanusa, akaifunga tena.

"Papa Gracien, iyi imekufa. Lakini kama uko na uvumilivu, usitafute ingine kama iyi. Weka ba-ampli mu bafle zenyewe."

Akamweleza. Kwa mtindo wa zamani, ampli inasukuma sauti yote kwa pamoja hadi kwenye bafle, na ndani ya sanduku kuna filtri inayoigawa: nzito kwa spika kubwa, nyembamba kwa spika ndogo ya juu. Njia nyingine ni kuigawa mapema, ingali dhaifu, kisha kila spika ipewe ampli yake. Bafle mbili, spika nne, ampli nne, na kila ampli ina kitufe chake cha kuongeza na kupunguza.

Kazi ilimchukua miezi miwili, maana alilehemu asubuhi tu, umeme ukiwepo. Aling'oa filtri za zamani. Ndani yake kulikuwa na koili za waya wa shaba, kubwa kama ndimu, zilizosukwa vizuri hata akashindwa kuzitupa. Alikata mgongo wa kila sanduku, akafunga bamba la alumini la kupoza ampli, akaziba nyufa kwa gundi ya viatu. Kwenye spika ndogo aliongeza kondensa, ili umeme ukirudi kwa kishindo zisiungue.

Siku ya kuwasha, besi ilitoka safi, kila noti imesimama peke yake. Gracien akatabasamu. Kisha akashika kitufe cha spika ndogo, akitafuta mlio wa matoazi. Aliukumbuka vizuri, kama mchanga unaomwagika juu ya bati. Akaongeza. Akaongeza tena. Ulipoanza kusikika, akaridhika.

Martine alitoka jikoni ameziba masikio.

"Weye Gracien, punguza! Inanichoma mu kichwa!"

"Hii njo muziki yenyewe. Ulizoea redio mubaya."

"Muziki gani? Iko kama kisu ku sahani!"

Gracien aliamini mkewe ana kinyongo cha miezi miwili ya nyaya sebuleni. Hata jirani yao Marlène alipokuja kuuliza kwa adabu kama kuna mtu anakata mabati, alimjibu kwamba watu wa siku hizi hawajui sauti. Jumapili mbili mfululizo Martine alikwenda kula kwa Marlène, na Gracien akala bukari, ugali wake wa kila siku, peke yake mbele ya bafle. Hilo lilimuuma kuliko alivyokubali kusema. Akamwita Bertin aje kuwa mwamuzi.

Bertin alifika Jumamosi mchana. Alisimama mlangoni, muziki ukilia, akafumba macho kwa nguvu, lakini hakubishana. Aliunganisha simu yake na zile bafle, akawaketisha mume na mke kwenye kochi.

"Nitapiga mulio moja. Itaanza nzito, kisha itapanda. Inueni mukono. Mutu akiacha kusikia, ashushe."

Naye mwenyewe akainua wake. Mlio ukaanza, ukapanda, ukawa mwembamba kama uzi. Gracien aliushusha mkono wake, akangoja wenzake washushe. Hawakushusha.

"Umezima?" akauliza.

"Apana, Papa. Iko inalia."

Akamgeukia Martine. Uso wake ulikuwa umekunjamana kwa maumivu ya sauti ambayo kwa Gracien haikuwapo. Chumba kilikuwa kimya kabisa, na mikono miwili iko juu.

Alizima kila kitu, akamshukuru Bertin, akamsindikiza hadi barabarani. Siku nne hakuzigusa bafle. Siku ya tano, wakichambua sombe, majani ya muhogo, uani, alimwambia Martine mambo ambayo hakuwahi kumwambia: kwamba miaka ya mwanzo kiwandani waliziba masikio kwa pamba, na vifuniko vya masikio vilipokuja, yeye aliviona vina joto, akavitundika msumarini.

"Nyenje," akasema. "Nasemaka ku bantu kama zimeisha, juu banakata miti ya kuchoma makala. Ziko?"

"Kila magaribi. Ziko nyingi mpaka zinachokesha."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Nilikuambia mara mingi. Haukusikia."

Walitazamana. Martine ndiye aliyeanza kucheka.

Daktari wa hospitali alithibitisha: sauti nyembamba zimekwenda na hazitarudi. Alimwandikia kifaa cha kumsaidia kusikia maneno ya watu. Bado anakisubiri.

Jumamosi iliyofuata Gracien aliweka kiti katikati ya sebule, akamkalisha Martine, naye akapiga magoti nyuma ya bafle, mkono kwenye kitufe cha spika ndogo.

"Bado," akasema Martine. "Bado. Umepita, rudisha kidogo. Hapo! Acha hapo."

Gracien akasikiliza. Kwake muziki ulikuwa kama umefunikwa blanketi.

"Kwako iko muzuri?"

"Iko muzuri sana. Nasikia hata vidole vinateleza ku gitaa."

Akaja kuketi karibu naye, akawa anamtazama anavyosikiliza. Siku hizi, Martine akienda mazoezi ya kwaya, yeye huongeza kitufe mpaka matoazi yamfikie, na Marlène hufunga madirisha yake.

Habari za zile bafle zilifika hadi Kakanda, na padri wa huko akamwomba Gracien abadilishe na za kanisa kwa njia hiyo hiyo. Alikubali, ila akasema hawezi kwenda bila mke wake. Padri alidhani anataka mtu wa kumpikia. Waliondoka Jumanne na gari la parokia, Martine amekaa mbele, sanduku la vifaa miguuni pake.