Mdaiwa ni Mkaazi wa Maskati

Kazi yangu ni mikataba. Miaka ishirini sasa nakaa katika ofisi yenye baridi ya kuhifadhia samaki, hapa Maskati, nasoma mikataba ya kampuni, na katika kila mmoja nahakikisha mambo mawili yameandikwa: nani anamlipa nani, na wakigombana watakwenda mahkama ya nchi gani. Kwa hiyo lilikuwa jambo la kupendeza mno kupata habari kwamba mama yangu mzazi ameweka wakili Unguja bila ya kuandikiana hata mstari mmoja.

Wakili mwenyewe ni mtoto wa shoga yake aliyesoma naye. Mama alitaka kumtoa mpangaji katika nyumba aliyorithi kwa baba yake, mpangaji ambaye kodi aliiona ni kitu cha hiari. Nilipomuuliza ada ya wakili ni kiasi gani, alinitazama kama niliyetukana mbele ya wageni.

“Ntamuulizaje bei mtoto wa mwenzangu? Mwenyewe kanambia, mama usijali, tutaelewana.”

Tutaelewana! Sijui neno lililojenga maghorofa mengi ya mawakili kuliko hilo.

Mama naye akaelewana kwa njia anayoijua. Kila msafiri aliyekwenda Unguja alibebeshwa furushi: halua, ubani, udi, kitambaa cha kanzu. Kwa fikra zake ada ilikuwa inalipwa, tena kwa heshima. Wakili alipokea kila kitu na akashukuru kila mara. Mpangaji akatoka, na wiki ya pili yake ikaja ankara. Halua haikutajwa popote.

Mama alipoiona alisema kijana kakosea, atakuwa amemuandikia mtu mwengine. Hakumjibu, alimuonea haya. Miezi ikapita, kisha ukaja wito wa mahkama ya Unguja, umetumwa kwa simu na wakili mwenyewe, ambaye kwa adabu zake aliutanguliza na shikamoo. Anadai ada yake, na asipolipwa anaomba nyumba ikamatwe na ipigwe mnada.

Nikaona zamu ya bingwa imefika. Nilivuka mlima kwa gari hadi Amerat, pembezoni mwa Maskati, anakoishi mama, pamoja na kompyuta yangu na furaha ambayo mtoto mwema hapaswi kuwa nayo mama yake anaposhtakiwa. Dawa nilikuwa nayo. Mdaiwa anaishi Maskati. Makubaliano, kama yapo, yalifanyika kwa simu, yeye amejikalia kwenye kochi lake na kikombe cha kahawa. Mahkama ya Unguja ina mamlaka gani juu yake? Kwamba nyumba yenyewe iko Unguja nililiona ni jambo dogo, nikalisukuma katika aya ya mwisho. Nikatunga hati ya kiapo ambayo, naisifu mwenyewe kwa kuwa hakuna mwengine aliyeisifu, ilikuwa kazi safi.

Nikamsomea: “Mimi ni mkaazi wa Maskati. Sina makaazi Unguja, wala si mtu wa Unguja kwa namna yoyote ambayo mahkama inaweza kuitambua.”

“Hebu soma tena hapo,” akasema.

Nikasoma tena, kwa sauti nzuri zaidi, nikidhani amependa.

“Nani kasema miye si mtu wa Unguja?”

“Ni karatasi tu, mama. Ukitia saini, khalas, hawakuwezi. Kesi inakufa, nyumba inabaki.”

“Inabaki ya nani?”

Nikamueleza habari za mamlaka ya mahkama, taratibu, kama ninavyowaeleza wakurugenzi wetu, ambao nao hawasikilizi. Mama alivua miwani yake akaiweka juu ya meza.

“Mwanangu, nlikuwa msichana, mwaka wa mapinduzi, walipokuja mlangoni wakatwambia nyinyi si watu wa hapa. Siku ile nlimuona baba yangu akilia, na sijapata kumuona akilia tena. Leo wewe, nliyekuzaa, umenletea maneno yale yale, na kalamu juu yake.”

Niliona aibu, na sina namna ya kuipamba. Miaka ishirini ya kujua kesi iende wapi, na sikuwahi kujiuliza mama yangu ni mtu wa wapi. Nikafunga kompyuta, nikanywa kahawa iliyokwisha kupoa.

Siku ya kesi tulisikilizwa kwa simu ya video. Mama alijifunga mtandio wake mzuri kana kwamba anakwenda kuposea mtu, nami nikaishika simu mbele ya uso wake. Karani akauliza kama mdaiwa yupo, na kama ana pingamizi lolote juu ya mamlaka ya mahkama hii kumsikiliza.

“Nipo,” akajibu mama kabla hajaulizwa mara ya pili. “Pingamizi sina.”

Nikazima sauti upesi. Nikamwambia kwamba kwa maneno hayo ameitupa kinga pekee tuliyokuwa nayo, na sasa nyumba inaweza kwenda kweli.

“Na iende,” akasema. “Nikishindwa, nishindwe kwetu.”

Kisha akaniambia nirudishe sauti, hakimu anangoja.