Injini Isiyotiwa Maji

Nyanchera hakuwa mtu wa kukaa. Hata ofisini kwake mjini Kisii, alikosimamia shughuli za chama cha wakulima wa majani chai, wenzake walizoea kumwona akisoma barua huku amesimama, funguo zikilia mkononi. Baba yake alipopatwa na kiharusi, naye akamtoa Tabaka na kumleta kwake Kiogoro, mahangaiko hayo yalizidi.

Mzee Manasseh alikuwa amechonga vinyago vya mawe ya sabuni, yale mawe laini ya Tabaka, tangu ujana wake. Kiharusi kilimlegeza mkono wa kulia na kumwachia ulimi mzito. Neno moja lilitoka, kisha akalitafuta la pili kama mtu anayepapasa kiberiti gizani. Nyanchera hakuweza kungoja. Sentensi za baba yake alizimalizia mwenyewe.

"Nataka... kwenda..."

"Kulala, Tata? Haya, twende ukapumzike."

Mzee alifunga mdomo. Orpah, dada mkubwa wa Nyanchera, mjane aliyeshinda na baba yao nyumbani, aliinamia ndizi alizokuwa akimenya.

Volkswagen moja kuukuu ndiyo iliyompa Nyanchera pa kukimbilia. Ilikuwa ya mzee, ya mgongo wa kobe, na kwa miaka mingi ilikaa migombani kule Tabaka, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Aliileta kwa lori, akaisimamisha chini ya mabati kando ya jiko, akanunua spana. Mafundi wa mjini walimcheka. Injini iko nyuma, haina rejeta, haitiwi maji, inapozwa kwa upepo wa feni tu. Nani bado anahangaika na kitu kama hicho? Yeye alijifunza kwa video za simu, akakosea, akafungua upya. Akitoka kazini alivua viatu vya ofisi na kuingia chini ya gari hata kabla ya kunywa chai. Alisugua kutu mpaka kucha zikawa nyekundu. Sakafu iliyooza alimwita fundi wa kuchomelea akaweka mpya. Kabureta, breki na nyaya alizifanya mwenyewe.

Jumamosi, siku ya Sabato, ndiyo iliyomtesa. Spana hazikuguswa siku hiyo. Alikaa kanisani, mhubiri akisema juu ya raha ya roho, naye kidole gumba kikizunguka kiganjani kama kinachokaza nati.

"Mzee anakutazama dirishani," Orpah alimwambia Jumapili moja. "Njoo ukae naye kidogo."

"Namtengenezea gari lake, Orpah. Si ni kwa ajili yake?"

Orpah alirudi ndani.

Injini ilipowaka mara ya kwanza, ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, kisha ikaanza ule mngurumo wake wa kutwanga, na majirani wakatokea uani. Nyanchera alipiga kelele kama msichana. Hakungoja tena. Kulikuwa bado na kasha la feni ambalo hakulifungua, kwa kuwa kulitoa kungemrudisha nyuma wiki nzima, na feni si ilikuwa inazunguka? Jumapili iliyofuata alimfunga mzee mkanda kwenye kiti cha mbele, wakashika njia ya Suneka kwenda Tabaka kutembea.

Walipoiacha lami na kuanza kupanda, gari lilipoteza nguvu. Harufu ya oili iliyoungua ikajaa ndani, taa nyekundu ikawaka. Nyanchera aliegesha kando ya shamba la mahindi, akafungua kifuniko cha nyuma. Joto lilimpiga usoni. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na ndoo akamwambia, "Maji haya, mama, tia."

"Asante, halitiwi maji. Ni kungoja lipoe."

Alizunguka gari. Akapiga simu kwa fundi, haikupokelewa. Akazunguka tena.

"Nyanchera," mzee aliita kupitia dirishani. "Unakimbia... nini?"

"Sikimbii, Tata. Naangalia injini."

"Mimi... sijafa."

Nyanchera aliacha kuzunguka. Aliingia, akafunga mlango. Hakukuwa na kitu cha kushika isipokuwa usukani, akaushika. Mzee alianza tena, polepole.

"Nataka... kwenda..."

Jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Nyanchera. Aliuma midomo. Upepo ulipita kwenye mahindi. Mdomo wa mzee ulipinda, ukatulia, ukapinda tena, na muda huo wote binti alitamani kufungua mlango atoke.

"...kwangu," mzee alisema. "Kukaa. Si kutembea."

Nyanchera alilia huku ameushika usukani. Mzee aliunyosha ule mkono wake mzima, akamgusa begani, kisha akaomba ndizi iliyokuwa kwenye mfuko.

Injini ilipopoa walikwenda mwendo wa kinyonga hadi Tabaka. Mzee hakurudi Kiogoro. Jioni ile Nyanchera alimpigia Orpah.

"Ulijua anataka kurudi kwake?"

"Tangu mwezi ule wa kwanza aliokuja."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenisikia saa ngapi?" Orpah alisema. Kesho yake alifunga mizigo yake akamfuata baba yao.

Nyanchera alilifungua lile kasha la feni hatimaye. Ndani alikuta kiota cha panya, nyasi kavu na vitambaa, vimeziba njia ya upepo kabisa. Alikitoa chote, akarudisha vipande kimoja kimoja, safari hii bila pupa. Tangu hapo gari halikupata moto tena.

Sasa huenda Tabaka kila Jumapili. Mzee amepata tindo, na kwa mkono wa kushoto anakwaruza vijiwe visivyofanana na chochote. Nyanchera huketi karibu naye, na huvumilia mpaka chai iishe, wakati mwingine hata kikombe cha pili. Kisha mguu huanza kucheza wenyewe, naye husimama, akasema anakwenda kutazama oili.