Folda Tuliyoiita Ya Wote

Mpaka leo nikiona pikipiki inaondoka na mzigo, siangalii mzigo. Naangalia chini, pale iliposimama, kama kuna kitu kimebaki.

Tabia hiyo niliipata mjini Kasongo, katika chumba changu cha kuchapia karibu na soko, tulipokuwa tunatengeneza vitabu vidogo vya kusomea vya darasa la kwanza. Kimoja kilikuwa cha Kiswahili, kingine cha Kizimba, na cha mwisho cha Kibangubangu. Walimu waliandika maneno. Mimi nilipanga kurasa: herufi ziwe na ukubwa gani, kichwa cha somo kikae wapi, picha iingie upande gani. Cha Kibangubangu kiliandikwa na mwalimu mmoja wa Kabambare, mkubwa kuliko mimi kwa umri, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alikuwa akija kwangu mara kwa mara, anakaa kwenye benchi na kuangalia kioo cha kompyuta kana kwamba mle ndani kuna mgonjwa wake.

Kweli alikuwa na mgonjwa. Wazazi wa Kabambare walikuwa wamempa Jumamosi moja tu, baada ya soko, aje na kitabu mkononi. Wangekiangalia, kisha waamue kama watoto wao wataanza kusoma kwa lugha ya nyumbani au kwa Kiswahili moja kwa moja.

"Wananiuliza, kule Salamabila kwenye kazi za machimbo, nani atamusemesha mutoto Kibangubangu?" aliniambia. "Dada, kitabu cha Kiswahili wamekwisha kukiona, wamekipenda. Changu kikitokea maskini pembeni yake, watasema lugha yenyewe iko maskini. Hawataniita tena."

Kwa hiyo vitabu vyote vitatu ilibidi vifanane kama watoto wa mama mmoja. Hapa nieleze kidogo, na usiogope, si jambo gumu. Programu niliyokuwa naitumia haichanganyi maneno na mavazi yake. Maneno ya kitabu unayaandika katika faili moja, bila kujali yatakavyoonekana. Mavazi, yaani aina ya herufi, nafasi za pembeni na mistari ya vichwa, unayaandika katika faili jingine, faili la mtindo. Picha nazo zinakaa peke yao. Kisha juu kabisa ya kila kitabu unaandika amri fupi: nenda folda ya jirani, chukua mtindo huko, ukihitaji picha, chukua huko huko. Ukikosea ukubwa wa kichwa cha somo, unarekebisha mahali pamoja, na vitabu vyote vinarekebika. Nakumbuka mara ya kwanza nilipobadilisha mstari mmoja na kurasa zote zikabadilika. Nilifungua na kufunga vitabu vile asubuhi nzima kwa furaha tu. Nawe ukijaribu utaona.

Folda ile ya jirani niliipa jina YA WOTE. Mwalimu alipouliza maana yake, nilimwonyesha kwa mfano wa masufuria ya mtaa. Huku kwetu kila mtaa una masufuria yake makubwa ya kupikia watu wa kilio au wa harusi, na viti vyake vya plastiki. Vinakaa katika nyumba moja. Mwenye shughuli anakuja kuchukua, anapika, anasugua, anarudisha. Hakuna anayenunua sufuria la ukubwa ule kwa ajili yake peke yake, na fundi akiliziba tundu, amewazibia watu wote.

"Basi nimeelewa," alisema, na uso wake ukafunguka. "Kwetu Kabambare, mutunzaji wa masufuria ni miye."

Nilifurahi. Mtu akiniambia ameelewa, mimi nafurahi mapema sana.

Alhamisi alichukua flashi yake, akanakili kitabu chake mwenyewe kutoka kwenye kompyuta, akaifunga katika kitambaa. Wazee wa kwao walikuwa na masahihisho ya mwisho, kwa hiyo hakutaka nimchapie hapa. Angesahihisha huko, kisha achape kwenye ofisi moja yenye paneli za jua na kompyuta ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeiwekea programu ile ile. Nilitaka kumpa pia nakala iliyokwisha kupangwa. Alikataa: asije akachapa yenye makosa. Pikipiki ikaondoka.

Ijumaa mchana simu ikalia.

"Dada, masini inakataa."

"Inasema nini, Mwalimu?"

"Inasema haioni. Haioni nini, haielezi muzuri. Haioni tu."

"Folda ya YA WOTE umeiweka pembeni ya kitabu chako?"

Nikasikia jogoo huko Kabambare.

"YA WOTE iko kwako," alisema.

"Kwangu vipi?"

"Iko fasi yake! Si weye ulisema iko sawa na masufuria ya mtaa? Sasa masufuria ya mtaa, mutu anaweza kuyabeba mupaka Kabambare? Nimekaa na masufuria ya watu miaka yote, hata mufuniko haujapotea. Nianze wizi kwako?"

Nilicheka mpaka nikashika meza. Nilitaka kumwambia kwamba folda si sufuria, kwamba ukiinakili inabaki pale pale, na wewe pia unayo. Nikaanza kueleza, na mtandao ukakatika.

Hapo kicheko kiliisha. Kitabu chake kilikuwa Kabambare, uchi. Mavazi yake na picha zake zilikuwa kwenye meza yangu. Wazazi walikuwa wanakutana kesho.

Nilitoka nje, nikarudi ndani, nikatoka. Nilipanda kilimani kule mtandao unakoshika vizuri zaidi, nikashuka. Jirani yangu, mzee Mwislamu mwenye duka la vitambaa ambaye babu zake walifanya biashara mji huu huu, alinitazama nikipita mbele ya mlango wake mara ya ngapi sijui.

"Weye binti, leo una nini? Unatembea sawa na kuku anayetafuta fasi ya kutaga."

Nikamweleza. Alisikiliza huku anakunja kitenge.

"Yaani ameacha vyombo juu ya adabu tu, asionekane mwizi?"

"Ndiyo, baba."

"Basi ni mutu mwema. Mutu mwema anachelewesha kazi sana." Akamwita kijana wa pikipiki aliyekuwa anafunga sabuni za kupeleka Kabambare. "Utabeba na kitu cha huyu binti. Kidogo tu. Lakini ukikipoteza, usirudi kununua kwangu."

Nilinakili YA WOTE nzima kwenye flashi, nikaifunga kwa plastiki, nikaitia ndani ya kopo la sabuni ya unga. Kijana alisema atalala njiani na kufika Jumamosi, mvua ikipenda. Mimi niliangalia mbingu upande wa mashariki. Haikuonekana kupenda.

Nikarudi kwenye kompyuta. Picha zilikuwa nzito, mtandao wetu usingezibeba. Lakini faili la mtindo ni maneno matupu, jepesi kuliko salamu ya sauti. Hilo lingepita. Na ndani yake ningeweza kuandika amri mpya: ukikosa picha, usisimame, chora fremu ya ukubwa ule ule, andika ndani yake jina la picha inayokosekana, endelea. Nikaandika. Nikalituma kwenye simu ya Mwalimu. Nilishika simu juu kama mtu anayeonyesha jirani mwenge, mpaka alama ya kufika ikatokea.

Akanipigia baada ya muda, sauti inakuja na kwenda.

"Imekubali! Dada, vichwa vya somo vimerudi, herufi ni zile zile. Lakini kuna jambo."

"Sema."

"Ndani ya fremu iko inaandika *mtungi*. Ingine *jembe*. Ingine *mama na mtoto*."

"Ndiyo, ni majina ya picha. Yanasaidia kujua ipi imekosa."

"Ni Kiswahili."

Majina ya picha nilikuwa nimeyaweka kwa Kiswahili kwa sababu vitabu vyote vitatu vilikuwa vinazitumia.

"Nitasimama mbele ya wazazi," alisema polepole, "niwaambie lugha yetu inajitosha. Halafu wafungue, waone kila fasi yenye pengo imejazwa na Kiswahili. Si watanicheka mupaka soko ya juma ingine?"

Alikuwa na haki. Nilifuta mstari mmoja katika mtindo, ule unaoandika jina, nikalituma faili tena. Fremu zote zikawa tupu, safi, kitabu kizima kwa mara moja. Nilimweleza kwamba huu ndio uzuri wa kitu cha wote, mstari mmoja tu na kila ukurasa umetii. Nadhani alisikia nusu. Mtandao uliondoka na nusu nyingine.

Jumamosi mvua ilinyesha Kasongo tangu asubuhi. Nilifungua chumba, watu wakaja kuchapisha barua zao, nikawachapia vibaya, nikarudia. Kila pikipiki iliyopita nilisimama kuitazama, kana kwamba ile ya Kabambare ingenipitia mimi kwanza kunipa habari. Niliwaza daraja la miti lililokwisha kumeza gurudumu la watu wengi. Niliwaza kopo la sabuni ndani ya maji. Nilipiga simu, haikuita. Mwenye duka la vitambaa alinitumia chai bila neno lolote, na hilo lilinitia wasiwasi zaidi, kwa sababu yeye si mtu wa kukaa bila neno.

Jumapili baada ya ibada Mwalimu alipiga mwenyewe.

"Pikipiki ilifika," alisema.

"Saa ya mkutano?"

"Watu walikuwa wamekwisha kurudi kwao. Tulifungua kopo miye na mke wangu. Flashi iko nzima, inanukia vizuri."

"Na mkutano, Mwalimu?"

Hakuharakisha. Alinieleza kwamba aliviweka vitabu viwili juu ya meza, cha Kiswahili na chake, bega kwa bega. Wazazi walivipokezana. Walipima kwa vidole: upana ule ule, herufi zile zile, mistari ile ile chini ya vichwa. Tofauti hawakuiona. Kisha baba mmoja, yule aliyekuwa anasema sana habari ya Salamabila, akainua kitabu cha Kibangubangu juu.

"Hiki kiko na madirisha, lakini ndani hamna watu!"

Watu walicheka. Mwalimu akasema picha ziko njiani, zinakuja na pikipiki. Walicheka zaidi. Hapo ndipo akawaeleza habari ya masufuria: kwamba mtindo ule na picha zile ni vya wote, vinakaa Kasongo, na yeye hakuvibeba kwa kuogopa kubeba vya watu. Wote wanamjua; hakuna aliyecheka tena. Mama mmoja mzee akauliza kutoka nyuma:

"Na sisi tumetia sufuria gani mule?"

Kwetu desturi iko hivyo. Ukitaka kuazima vyombo vya mtaa, lazima nyumba yako iwe imetia chombo kimoja, hata kijiko kikubwa. Mwalimu akakiri kwamba picha zote zilichorwa Kasongo. Mama yule akasema: basi si ajabu madirisha yao ni matupu, kwani hawajatia kitu. Watoto waanze kwa Kibangubangu mwaka huu, watu waone. Lakini kwanza Kabambare itie vyombo vyake. Yule baba wa habari za Salamabila alinung'unika, kisha akasema kama ni hivyo, yeye anajua kuchora ghala.

Mwalimu alirudi Kasongo na karatasi zilizokunjwa: ghala, mtungi wenye mdomo mpana, mwanamke anayetwanga. Alikaa kwenye benchi lake, akaniuliza kama kuna mtu wa kuombwa ruhusa kabla ya kuziweka ndani ya YA WOTE. Nilimwambia ruhusa ameshapewa. Nikazipiga picha na kuzisafisha. Mtungi wa Kabambare nikauweka mahali pa ule wa zamani, kwa jina lile lile, ili vitabu vyote viuchukue.

Nikapanga upya vitabu vyote. Mwenye duka la vitambaa aliingia, akachukua kile cha Kiswahili cha mjukuu wake, akakifungua penye mtungi.

"Huu si mutungi wa Kasongo," alisema.

"Ni wa wote, baba."

Aliugeuza ukurasa kwenye mwanga, akaurudisha. "Wa wote," alisema. "Na sisi wa Kasongo, wetu umekwenda wapi?"

Mwalimu aliniangalia. Nilivuta kiti, nikafungua folda tena, nikaanza kutafuta mtungi wetu wa zamani.